Baba Alivyoniposea Kazi

Nilipomaliza chuo na shahada yangu ya uhandisi mitambo, baba alichinja mbuzi, akaita watu wasome dua, na tangu siku hiyo kijiji kizima, huko kwetu Kisarawe, kikaacha kuniita jina langu. Nikawa Injinia. Injinia kachote maji, Injinia mbona mihogo haijamenywa. Nilicheka nao, kwa sababu niliamini jina limetangulia tu na kazi iko njiani.

Haikuja. Nikahamia kwa mama mdogo, Kongowe ya Kibaha, niwe karibu na viwanda. Kila asubuhi nilishika bahasha yangu ya kaki nikazunguka mageti ya Zegereni. Walinzi wengine walinijibu kwa huruma, wengine bila kuinua macho kwenye simu, lakini jibu lilikuwa moja: wanataka mwenye uzoefu. Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku za mwanzo nilibishana. Nilimuuliza mlinzi mmoja kama yeye alizaliwa na uzoefu wa kufungua geti. Akasema ndiyo, baba yake naye alikuwa mlinzi. Nikaenda geti la jirani.

Kiwanda nilichokitamani kuliko vyote kilikuwa kile cha ndoo na mabeseni ya plastiki, maana mradi wangu wa mwisho chuoni ulihusu mitambo ya namna ileile. Pale angalau nilifika ofisini. Ofisa wa ajira, kijana mpole wa kutoka bara, alivisoma vyeti vyangu vyote, akasema vizuri sana, kisha akauliza nimeshafanya kazi wapi. Nikamwambia ndiyo kwanza natafuta. Akavipanga vyeti vizuri na kunirudishia.

Jioni nikamweleza baba kwa simu.

"Ulikwenda na nani?"

"Peke yangu, baba."

"Peke yako? Hakuna mtu mzima wa kukusemea?"

"Kazi haziombwi hivyo siku hizi."

"Haya," akasema, kwa ile haya yake ambayo maana yake ni kwamba wewe umeshasema yako na yeye atafanya yake.

Wiki haikuisha akanipigia asubuhi. "Tupo Zegereni, hapo kwenye kiwanda chako. Njoo na vyeti."

Nilifika nahema. Baba alikuwa amesimama getini kwa kanzu na kofia, na pembeni yake jirani yetu wa Kisarawe, mzee ninayemwita babu, naye kwa kanzu. Chini, kati yao, kulikuwa na kapu la ukili limejaa mananasi. Nilielewa palepale, na nikatamani ardhi inimeze. Yule babu ndiye mshenga wa kijiji chetu. Hakuna posa iliyopelekwa mahali bila yeye kwenda kuisemea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Leo tunakuozesha kiwanda."

Niliwasihi turudi nyumbani. Niliwaambia watu watatucheka. Baba akasema mkono mtupu haulambwi, akalinyanyua kapu lake. Nilibaki nimesimama na bahasha yangu kifuani, mtu mzima mwenye shahada, nikitazama wazee wawili wakibishana na mlinzi kuhusu wapi waweke mananasi.

Yule ofisa alitoka mwenyewe, nadhani ameitwa kwa sababu ya kelele. Alipowaona akainama kidogo, akawaamkia, akawapeleka kwenye benchi la kivulini. Babu akafungua maneno kwa utaratibu wake wote. Akamshukuru Mungu, akaulizia wazazi wa yule kijana, hali zao, mvua za huko kwao, ndipo akafika kwangu. Kwamba binti ana adabu, hajui kuiba, swala hazimpiti. Hili la swala lilikuwa na chumvi.

"Wazee wangu, nimewasikia," kijana akasema. "Binti yetu ana vyeti vizuri. Ila nafasi inataka mtu mwenye uzoefu."

"Uzoefu wa nini?" baba akauliza.

"Wa kazi, mzee. Aliyeshafanya."

"Sasa mwanangu," babu akadakia, "huo uzoefu wenyewe si mmeufungia humu ndani? Yeye aliye nje ataupatia wapi?"

Kijana akacheka, akajifuta uso, akatazama chini. Mwishowe akasema, "Nimekuelewa mzee. Tutawasiliana." Na baba aliposogeza kapu akasema, "Aa, wazee, msingejisumbua," kisha akalipokea kwa mikono miwili na kumpa mlinzi aliingize ndani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu ukipeleka posa na kitu chake, wenyewe wasipotaka wanakurudishia kitu chako. Wakikaa nacho, wamekubali. Lakini nilimwona yule kijana usoni. Alipokea kwa sababu kwao, kama kwetu, mkono wa mzee hausukumwi.

"Umeona?" baba akasema tulipotoka. "Kapokea."

"Baba, yule kaona aibu tu."

"Hata sisi posa ya shemeji yako tuliipokea kwa aibu. Si mpaka leo tupo naye?"

Wakarudi Kisarawe kama watu waliotoka kufunga ndoa. Kabla ya wiki kwisha msikiti mzima ulikuwa na habari, na simu za pongezi zikaanza. Kila baada ya siku chache baba alinipigia kuuliza kama wameniita, na mimi nikasema bado. Sauti yake ilizidi kushuka kila nilipolisema hilo neno. Nilimwonea huruma, na nilimchukia kidogo kwa kunifanya nimwonee huruma.

Mwishowe nikavaa dera, nikaiacha bahasha chini ya godoro, nikaenda kiwanda kilekile kupanga foleni ya vibarua. Hawaulizi uzoefu pale. Msimamizi alitupitia kwa macho, akanyoosha kidole, wewe, wewe na wewe, nikawa ndani. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni ya mashine inayotoa ndoo, kukwangua kwa wembe plastiki iliyozidi ukingoni, kisha kuzipanga. Ndoo zilitoka za moto, na vidole vyangu vilijaa mikato. Mashine ikigoma, mafundi walikuja na sisi tukaambiwa vibarua kaeni kando. Nilikaa kando nikiwatazama wakifungua kitu nilichokichora mimi kwa mkono wangu muhula mzima. Niliumia sana, wala sikuwa na wa kumwambia.

Baba alipopiga safari ile nikasema nimeanza.

"Wamekuweka wapi?"

"Kwenye mashine, baba."

"Alhamdulillahi," akasema, na nikasikia analia. Ningeongeza nini?

Siku moja yule ofisa alipita, akasimama mbele yangu. "Wewe si binti wa wale wazee wa mananasi?" Nikasema ndimi. Akafurahi kwa dhati kwamba nimeingia. Nikakusanya moyo nikamuuliza kama huku ndani nilikokaa sasa kunahesabika. Akaziangalia ndoo, akaniangalia mikono. "Hapana, dada yangu," akasema polepole. "Hiki ni kibarua. Uzoefu tunaoutaka ni wa uhandisi."

Jumapili iliyofuata nilikuwa nimelala kwa uchovu, mama mdogo akaniita sebuleni. Baba alikuwa amekuja, na babu, wote kwa kanzu. Kati yao msichana amekaa ameshika bahasha mpya ya kaki kwa mikono miwili. Mjukuu wa babu, amemaliza chuo, uhandisi umeme.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, Injinia."

Hakuniita mke wangu. Alikataa kiti alichopewa, akakaa chini kwenye mkeka, na mimi nikasimamishwa mbele yake kama mwenye nyumba. Aliyefungua maneno alikuwa baba. Akamshukuru Mungu, akaniulizia hali ya kazi, akasema mzee huyu ndiye aliyetusemea tulipokuwa hatuna mtu, na leo ana haja yake, na mwenye haja hajisemei. Binti ana adabu. Anachokosa ni mtu wa ndani tu.

Kisha akasogeza kapu. Lilikuwa la ukili kama lile la kwanza, na mananasi yalikuwa mabichi kidogo, yamekatwa kwa haraka.

Nilimtazama baba. Sijawahi kumwona ameketi wima namna ile. Nikilirudisha kapu, nimemrudishia aibu mbele ya rafiki yake. Msichana alinitazama kwa macho niliyoyajua, yalikuwa yangu getini. Nikaificha mikono ndani ya kanga, kisha nikakumbuka kwamba kapu haliwezi kupokelewa kwa mikono iliyofichwa.

"Aa, wazee wangu," nikasema, "msingejisumbua."

Nikalipokea, nikamgeukia yule msichana.

"Tutawasiliana," nikamwambia.