Mama Mkwe Alinikana Mahakamani, Sasa Anaomba Kuishi Kwangu

Admin, jina langu naomba ubaki nalo wewe tu, maana Bariadi tunafahamiana.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mjane. Mume wangu alikuwa mwanajeshi. Tulioana akikaribia kustaafu, akanileta huku kwao. Maisha yake yote alikaa kambini, leo mkoa huu kesho ule, kwa hiyo alichotaka ni kimoja tu: kuwa na nyumba yake. Tulipanga kwa mwalimu mmoja mzee hapa mjini, naye akatuahidi kwamba mafao yakitoka atatuuzia sisi ile nyumba. Basi mume wangu jioni anazunguka na chai mkononi ananiambia, "Hapa tutabomoa, tuweke dirisha kubwa upate hewa unapopika." Mafao hayajatoka, presha ikampanda. Alianguka bafuni, tukamfikisha hospitali ameshakata roho.

Hatukujaliwa mtoto. Ndoa yetu ilikuwa ya kimila, ng'ombe walitoka kwao Kasoli wakaja kwetu Kiloleli. Cheti tulikuwa tunasema tutakifuatilia, hatukufuatilia.

Sasa mama yake. Alipovunjika nyonga, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alisema kwake hakuna nafasi, nikamchukua mimi. Nilimuogesha, nikamkata kucha, nikambeba hadi chooni. Mimi namwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, yeye ananiita mayu. Nilijua nimepata mama wa pili.

Matanga yalipoisha shemeji akamhamishia mama kwake, kisha akaniambia, "Mafao yakitoka, nyumba tutanunua kwa jina la ukoo. Ukitaka kukaa humo, nikurithi." Nilikataa. Nikaenda mahakama ya mwanzo kufungua mirathi, na shemeji akaja kupinga, ameongozana na mama.

Hakimu akamuuliza, "Bibi, huyu mama ni nani kwa marehemu?"

Alikuwa amevaa kitenge nilichomshonea mimi. Akainamisha kichwa, akasema, "Huyu alikuwa msichana wake wa kazi."

Jamani. Siku ile nilimzika mume wangu mara ya pili. Hakimu akaahirisha, akaniambia nilete mashahidi. Baba zangu wadogo waliopokea wale ng'ombe wamekubali kuja.

Wiki iliyopita nasikia bodaboda nje. Ni mama mkwe, peke yake na fimbo yake na kimfuko cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Akakaa barazani, akashindwa hata kunisalimia. Nikamuuliza, "Mayu, nilikukosea nini?"

Akalia. "Hukunikosea. Mdogo wa mumeo aliniambia ukishapata nyumba utaleta mwanaume mwingine, mimi utanitupa. Niliogopa, mayu. Mwanangu aliyekuwa ananijali ni yule mmoja tu, na amekufa."

Akaendelea, "Nitarudi kwa hakimu niseme ukweli. Lakini shemeji yako ameapa nikisema, nisikanyage tena kwake. Nipokee."

Nilimpikia, akala. Nikachota maji nimuogeshe kama zamani, mikono ikakataa. Nikamwachia ndoo nikatoka nje, nikawa namsikia mle ndani anahangaika mwenyewe na ile nyonga yake, ananung'unika kwa maumivu, na mimi nimekaa kwenye ngazi nalia. Sijawahi kujiona mtu mbaya hivyo, na bado sikuinuka.

Mpaka leo yuko hapa. Anafagia uwanja akiwa amekaa chini, nikimwambia aache anasema, "Niache nifanye kazi." Dada yangu ananiambia nimrudishe kwa mwanawe, kwamba aliyenikana mbele ya watu atanikana tena. Mwalimu naye anasema atanisubiri mahakama iamue.

Ile nyumba marehemu aliitaka ili mimi na mama yake tusihangaike. Lakini kila akiniita mayu nasikia "msichana wa kazi". Nikimfukuza, ataenda wapi na mguu ule? Nikimweka, nitaishije naye huku moyo umekufa ganzi? Nyie mliowahi kumsamehe mtu wa ndani namna hii, niambieni mlianzia wapi. Mwenzenu nifanye nini?