Zamu ya Mchana ya Phelister

Kwa miaka kumi na mmoja Phelister hakwenda mbali zaidi ya bombani kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri. Jumapili peke yake ndiyo aliyokuwa huru, kwa kuwa siku hiyo mumewe naye alikuwa kanisani. Siku nyingine zote Walter Ochola alikuwa kitandani amelala, na Phelister alikuwa kwenye kigoda kando yake, akichambua mchele au kushona vifungo, sikio limeelekea puani mwa mzee.

Ochola aliangalia boila katika kiwanda kimoja cha sabuni kule Indastria, shifti ya usiku. Alirudi Shauri Moyo jua likishachomoza, akanywa chai, akavua viatu, akajilaza chali, na mkoromo ukaanza. Nyumba zile za kanjo, yaani baraza la jiji, zilijengwa safu kwa safu, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, kwa hiyo safu nzima ilijua saa ambayo Ochola amelala. Watoto waliuiga mkoromo wake wakicheza. Wapangaji wapya walikuja kuuliza, kwa adabu, kuna mashine gani humo ndani.

Mkoromo wenyewe Phelister hakuuogopa. Mtu anayekoroma yu hai, hilo halina ubishi. Alichokiogopa ni pale ulipokatika ghafla. Kifua cha Ochola kilihangaika kupanda na kushuka lakini hewa haikuingia, na chumba kikawa kimya. Hapo Phelister aliacha mchele, akaanza kuhesabu. Mara nyingine pumzi ilirudi yenyewe akifika kumi na mbili, kwa kishindo, kama mtu aliyezama mtoni akaibuka. Mara nyingine alifika ishirini na tano, akamsukuma bega. Ochola aligeuka, akanung'unika, akaanza upya. Ilikuwa hivyo saa baada ya saa mpaka alasiri.

Ukimuuliza Ochola mwenyewe, alilala vizuri sana. Alikuambia hivyo kisha akasinzia kikombe kikiwa mkononi. Alisinzia kwenye mahubiri, alisinzia kwa kinyozi, na mara moja alisinzia amesimama, akimngoja mtu aliyeingia dukani kununua kiberiti. Phelister hakuwa na hasira naye. Alikuwa amechoka tu, uchovu wa kumlinda mtu asiyejua kwamba analindwa.

Basi mwaka wa themanini na sita, mwezi wa nne, akaja Benta. Benta alikuwa binamu yake, mwenye meza ya samaki wakavu pale sokoni Gikomba. Mama mkwe wake alikuwa mgonjwa huko Ugenya, na Benta alikuwa anarudi nyumbani kabisa.

"Meza nakuachia wewe," Benta alisema. "Lakini mwisho wa mwezi wa sita mimi niko kwa basi. Kama hutakuja, kuna watu kumi wanaingoja."

Phelister aliitaka meza ile, wala tusizunguke. Alikuwa amekulia nyuma ya mamake, kapu la samaki kichwani, na alijua kumgeuza mteja mkali akaondoka anacheka. Kichwa chake kilikuwa cha biashara, na alikuwa amekikalisha kwenye kigoda miaka kumi na mmoja. Lakini angetokaje? Alijiona yupo Gikomba anampimia mtu omena, na saa hiyo hiyo Ochola amefika thelathini, amefika arobaini, na hakuna wa kumsukuma bega. Alimwambia Benta atafikiria.

Msaada ulikuja kupitia jino. Gego la Ochola lilianza kumuuma, wakaenda alasiri moja kwa daktari wa meno, Daktari Makokha, kijana mtulivu aliyevaa miwani minene. Daktari alimlaza Ochola kwenye kile kiti kirefu, akageuka kuchukua vifaa. Alipogeuka tena mgonjwa alikuwa amelala, na mkoromo ulikuwa umejaa chumba. Kisha ukakatika.

Daktari alisimama na kioo mkononi. Phelister, kutoka kwenye benchi, alikuwa tayari kwenye tisa.

"Mama, huwa hivi kila siku?"

"Kila siku, daktari. Leo hata ana nafuu."

Makokha aliweka vidole gumba nyuma ya pembe za taya la Ochola, akalivuta mbele taratibu, kiasi cha upana wa kidole. Pumzi ikaingia. Haikuingia kwa kishindo. Iliingia na kutoka, ikaingia na kutoka, laini, na mkoromo haukurudi. Phelister aliinuka kwenye benchi bila kujua kwamba ameinuka.

"Umemfanya nini?"

"Nimevuta taya tu. Akilala, ulimi wake unarudi nyuma unaziba njia ya hewa. Taya likija mbele, ulimi unakuja nalo." Alilishika pale pale kwa muda, akifikiri. "Nimesoma kwenye jarida kwamba huko ng'ambo kuna madaktari wameanza kutengeneza bamba la mdomoni, la kushika taya hivi mtu akiwa amelala. Mimi sijawahi kulitengeneza. Si ahadi, mama. Tukishindwa, tutakuwa tumepoteza nta na plasta."

Phelister alisema hata kama ni la chuma mumewe atalivaa. Ochola aliamka akauliza kama jino limeshatoka.

Kulikuwa na jambo moja la kuangalia. Ochola hakuwa na meno sita ya mbele, ya chini. Wanaume wengi wa umri wake kutoka pande za ziwa walikuwa hivyo, walitolewa meno ujanani kwa desturi ya kwao, na mtaani hakuna aliyelishangaa jambo hilo. Daktari alisema si kitu, bamba litashika magego. Alichukua alama ya kinywa kwa plasta, akamwambia Ochola asukume taya mbele na kuuma nta, kisha akawatuma kwa fundi wake wa meno ya bandia, Bedan Irungu, aliyekuwa na karakana Majengo.

Ochola alikuwa kazini, kwa hiyo Phelister ndiye aliyepeleka plasta ile, jioni. Karakana ya Bedan ilikuwa chumba kidogo chenye harufu ya plastiki, na meno yamepangwa kwenye mikebe kulingana na rangi. Fundi alisoma barua ya daktari mara mbili. Alieleza kwamba yatakuwa mabamba mawili, la juu na la chini, yenye vishikizo vya waya, yameunganishwa kando kwa vipande vya mpira vya kuvuta taya mbele.

"Hapa mbele niache wazi, ama niweke meno?" aliuliza. "Wazee wengi wa kwenu wanakuja kwangu kujaza hapa. Hasa wale wa ofisi. Akiamka anatoa la juu, hili la chini anaenda nalo kanisani."

Na hapa Phelister alifanya kosa. Ukweli ni kwamba hajawahi kulifikiria pengo lile hata siku moja. Lakini alipoulizwa alimkumbuka mzee mmoja wa kanisa aliyejaza lake, na jinsi picha ya harusi ya bintiye ilivyomtoa kijana. Alifikiri itakuwa zawadi.

"Weka," alisema.

Baada ya wiki mbili mabamba yalikuwa tayari. Phelister aliyafunua mezani asubuhi, Ochola akiwa bado na koti la kazi. Ochola alilishika lile la chini, akaligeuza, akahesabu meno sita meupe kwa kidole.

"Hii si yangu. Fundi amechanganya na ya mtu mwingine."

"Ni yako, Baba Awino. Mimi ndiye nilimwambia aweke. Unaweza kuivaa kanisani, kama wenzako."

Ochola aliliweka chini polepole. Hakupandisha sauti, na afadhali angeipandisha.

"Hiyo meno sikupoteza. Haikuoza, na sikupigwa na mtu. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tano. Baba alinishika kichwa katikati ya magoti yake, na mikono miwili, akaniambia nikilia si neno, hata yeye alilia. Sikulia. Baba yangu hakuwa mtu wa kumshika mtoto. Siku nyingine ambayo alinishika siikumbuki."

"Sikujua."

"Hukuuliza." Alivua koti, akaketi kitandani. "Kwa hivyo miaka yote hii ukiniangalia, unaona pengo."

Alilala akiwa ameelekea ukutani, mabamba yamebaki mezani. Siku hiyo Phelister alifika thelathini mara mbili. Alimsukuma bega, na kila alipomsukuma aliona aibu imempanda mpaka masikioni. Kama jirani angemwambia mumewe maneno yale, kwamba mdomo wake una kasoro, angemfukuza na ufagio. Na aliyeyasema ni yeye, tena kwa plastiki.

Ochola alipoamka, Phelister alichukua kifurushi akashuka Majengo. Bedan hakufurahi hata kidogo.

"Mama, hii ni kazi ya siku mbili. Angalia hili jino la pili, nimelichonga pembeni lionekane limekula mahindi ya kuchoma. Daktari mwenyewe amelisifu."

"Ni nzuri, fundi. Nilikosea mimi, si wewe. Yatoe."

Fundi alinung'unika juu ya watu wasiojua wanachotaka, lakini aliyakata yote sita, akayarudisha mkebeni, akalisugua bamba mpaka mbele pakawa laini kama ufizi. Phelister alisimama karibu naye mpaka mwisho, asije akabakiza hata moja kwa huruma ya kazi yake.

Alimkuta Ochola akifunga kamba za viatu.

"Nimekuletea yako," alimwambia. "Na nikuambie jambo. Pengo sikuwahi kuliona. Nilikuwa nakuona wewe. Nililiona siku ile fundi aliponiuliza, nikajifanya mjuaji."

Ochola alipitisha kidole mbele ya bamba, kulia mpaka kushoto, kisha kushoto mpaka kulia.

"Hii sasa ni mdomo wangu," alisema, akaenda kazini.

Siku za mwanzo zilikuwa taabu tupu. Mate yalimchuruzika mpaka mto ukalowa, na alipoamka taya lilimuuma hata ugali ukamshinda. Mara mbili daktari alibadilisha mipira, akilegeza huku na kukaza kule. Wiki ya tatu mkoromo ulipungua. Wiki ya tano ulikwisha. Phelister alikaa kwenye kigoda, tayari kuhesabu, na hakupita mbili. Ochola naye alianza kumaliza chai akiwa macho, akauliza habari za watoto shuleni, akasikiliza na majibu.

Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa sita, Phelister alitoka. Mumewe alipolala tu, alirudishia mlango akaenda Gikomba akiwa na lesso mpya kiunoni. Aliuza, na aliuza vizuri, lakini roho yake ilikuwa Shauri Moyo. Kufikia saa sita alikuwa amevua aproni arudi nyumbani.

"Ukikimbia leo utakimbia kila siku," Benta alimwambia, na Phelister akaifunga tena.

Alirudi saa kumi, samaki watatu wamefungwa gazetini. Mbele ya mlango wake aliketi Warigia, mama Njogu, jirani wa ukuta mmoja, akimenya njegere. Huyu alikuwa mwanamke wa maneno machache. Katika miaka yote ile walikuwa wamesalimiana na kupishana, basi. Phelister alikaza mwendo.

"Mama Njogu, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ameamka, anaoga." Warigia hakuacha njegere. "Lakini asubuhi alininyamazia. Saa nne sijasikia kitu, nikabisha, haitiki. Nikaingia, unisamehe, nikaweka mkono hapa kwa pua. Anapumua kama mtoto. Saa sita nikaingia tena. Mara ya tatu ameamka, akaniuliza kama nimeandikwa kazi na kanjo."

"Wewe ulikuwa unajua?"

"Nitakosaje kujua na ukuta ni huu? Ukienda bombani nilikuwa nazima redio mpaka urudi. Akinyamaza sana nagonga ukuta, anashtuka, anaendelea."

"Miaka yote hii? Mbona hukuniambia?"

"Ungefikiri nalalamikia kelele."

Phelister aliketi kwenye ngazi. Kila siku kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amerudi kutoka bombani nusu akikimbia, maji yakimwagika, akiamini kwamba kwa dakika zile mumewe hana mtu duniani. Kumbe upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mtu aliyeketi kimya, anahesabu kama yeye. Alilia hapo hapo mlangoni, na hakujificha. Warigia alimwacha alie, akimenya.

Phelister alipomaliza kulia alifungua gazeti, akamtoa samaki mkubwa kuliko wote, akampa. Warigia alikuwa ametoka Nyeri na hajawahi kula samaki maishani mwake. Alimpokea kwa mikono miwili, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akauliza huyu huoshwa kwanza au anapikwa hivyo hivyo.