Niliondoka Kahawa Ikiwa Imeiva

Watu wa kwetu Kagoma walikuwa na maneno mengi juu yangu, lakini uvivu haukuwamo. Nilikuwa wa kwanza kutoka na jembe asubuhi na wa mwisho kunawa miguu jioni. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kusikia vijana wakiambiwa kwamba mtu anayeahirisha mambo yake ni mvivu. Miaka niliyoahirisha jambo kubwa kuliko yote maishani mwangu ndiyo miaka niliyofanya kazi nyingi kuliko wakati mwingine wowote.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Bukoba. Huko nilikuwa nimeolewa na fundi seremala, tukakaa Kashai kwenye chumba cha kupanga, na mtoto hakupatikana. Siku moja mume wangu aliniambia kwa upole kabisa kwamba kuna mwanamke mwingine anakuja, na kwamba chumba ni hicho hicho kimoja. Nikafunga sanduku langu. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na kibanja chetu, yaani migomba na mibuni iliyozunguka nyumba, kilikuwa cha kaka yangu. Ardhi ya ukoo haikuwa inakwenda kwa binti. Kaka alinipokea vizuri, siwezi kusema vinginevyo. Alinipa chumba cha nyuma, na mkewe akanionyesha jembe lilipokuwa.

Uhuru wakati huo ulikuwa na umri wa mtoto wa shule ya msingi. Jumapili moja, baada ya misa, bwana mmoja wa serikali alisimama nje ya kanisa akatueleza habari za kijiji cha ujamaa kilichokuwa kinaanzishwa upande wa Kimwani. Alisema watu watalima shamba la pamoja, na kila atakayekwenda atapewa pia eneo lake la kujenga na kulima. Mwanamume mmoja nyuma yangu akauliza kama na wanawake watapewa. Aliuliza kwa mzaha, na watu wakacheka.

"Na mwanamke," yule bwana akasema. "Kwa jina lake mwenyewe."

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa nimekwisha kuamua. Ningekwenda mara tu mavuno ya kahawa yakiisha.

Mavuno yakaisha, zikaja mvua, na nani husafiri na mvua zile? Baadaye wifi akajifungua, na mzazi haachwi peke yake. Halafu paa la jiko likavuja. Halafu ubatizo. Halafu migomba ikahitaji kutandaziwa majani makavu, na majani yanakatwa mbali, mbugani, na mimi nilikuwa na mgongo mzuri wa kubeba mizigo. Wanaoahirisha husemwa kuwa wanatunga visingizio. Mimi sikutunga hata kimoja. Kila sababu yangu ilikuwa ya kweli, na kwa kuwa ilikuwa ya kweli ilinishika kwa nguvu.

Polepole nilianza kujichunguza. Niligundua kwamba kila nilipofikiria kwenda Kimwani, tumbo lilinikaza, na papo hapo mkono ulitafuta kazi. Nikishika jembe, tumbo linalegea. Nikirudi na mzigo wa majani, watu wananisifu njiani. Basi kazi ilikuwa ndiyo dawa yangu, na sifa zilikuwa sukari ya kuimezea.

Nilikuwa naogopa nini? Si safari, wala ugali, ingawa kwetu walisema watu wa kule wanakula ugali kama adhabu. Nilikuwa nimeshindwa ndoa mbele ya macho ya watu. Kile kijiji nisichokifikia kilikuwa bado kizuri. Usiku nikilala nilikuwa na nyumba huko, na shamba, na mlango unaofungwa na mimi. Nikienda kweli na kushindwa, hata hiyo nyumba ya kichwani ingebomoka, na nisingebaki na kitu cha kulalia.

Hayo niliyaelewa mwenyewe, nikidhani kwamba nikiyaelewa nitaondoka. Sikuondoka. Nilizidi kukata majani.

Aliyenitikisa ni wifi. Tulikuwa tumekaa jikoni tunamenya ndizi, mikono yetu myeusi kwa utomvu, naye akaniuliza habari za Kimwani zimeishia wapi. Nikamwambia nangoja msimu utulie. Aliendelea kumenya. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Wifi, mimi nitakwambia. Tangu urudi, sijabeba majani. Mgongo wangu umepona. Kaka yako hamwajiri mtu wa kuchuma kahawa. Ndiyo maana hakuna anayekukumbusha safari yako hapa nyumbani. Hata mimi nilikuwa sikukumbushi."

Nikamuuliza mbona leo ananikumbusha.

"Kwa sababu juzi nilimsikia kaka yako akimwambia jirani kwamba wewe huna pa kwenda. Aliyasema kwa furaha."

Niliosha mikono kwa majivu, nikatoka, nikasimama kati ya mibuni iliyokuwa imeanza kuwa myekundu. Nilikasirika kuliko siku ile ya Kashai. Miaka yote nilidhani kuahirisha kwangu ni jambo la siri, ugomvi kati yangu na tumbo langu. Kumbe kulikuwa na watu waliokuwa wakila matunda yake. Sikumchukia kaka. Hakunifunga kamba. Lakini kila niliposema "baadaye", kuna mtu alipumua.

Hapo nilifanya jambo ambalo hadi leo naliona ndilo la akili kuliko yote niliyowahi kufanya, ingawa ukoo mzima uliliita wazimu. Nilichagua wakati mbaya kabisa. Sikungoja mavuno yaishe. Nilingoja yapambe moto, kahawa ikiwa imeiva mitini na nyingine imeanikwa uani, kila mkono ukihitajika. Wakati mzuri nilikuwa nimeusubiri vya kutosha, na kila ulipofika ulikuja na mtoto mgongoni au paa linalovuja. Nikajua kwamba nikiweza kuondoka siku ile, hakutakuwa na siku nyingine itakayonizuia.

Kaka alinikuta asubuhi nimekaa juu ya sanduku langu mbele ya nyumba, nimevaa gauni la kanisani. Nikamwamkia, nikamwambia naenda Kimwani, lori la mizigo linapita barabarani. Alitazama sanduku, akatazama mibuni.

"Utaondoka kahawa ikiwa imeiva?"

"Kahawa ni yako, kaka," nikamwambia. "Na mikono ni yangu."

Alikasirika. Alisema mengi kuhusu baba yetu, kuhusu aibu, kuhusu wanawake wasio na shukrani. Nilimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kwa kuwa ni mkubwa wangu. Wifi alinibebea sanduku hadi barabarani. Alilia kidogo, nami nikalia. Tumbo, nawaambia ukweli, lilikuwa limenikaza vile vile. Nilipanda lori nikiwa nalo hivyo hivyo.

Kuchelewa kulinigharimu. Waliotangulia walikuwa wamechukua maeneo mazuri ya karibu na barabara. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mpole, alinionyesha kipande kilichobaki, chini kabisa, penye unyevu na mbu. Akaniuliza kama nina mume anayenifuata. Nikamwambia hayupo. Akaandika jina langu, la peke yangu, na alipomaliza nikamwomba alisome kwa sauti. Akalisoma.

Nililala miezi ya kwanza kwenye kibanda cha mjane mmoja aliyetoka upande wa Nshamba, nikijenga changu. Kilikuwa kibaya. Ukuta mmoja uliinama, na nguruwe pori walikula karibu mahindi yangu yote ya kwanza. Ile nyumba nzuri ya kichwani ikabomoka kweli, kama nilivyoogopa. Nikashangaa kuona kwamba sikufa. Nilikuwa na nyumba iliyoinama, na ilinizuia mvua. Msimu uliofuata nikapanda migomba kule chini kwenye unyevu, wakanicheka kwamba Mhaya hata akizikwa atadai ndizi. Migomba ikashika.

Kaka alikuja mara moja, baada ya miaka kadhaa. Nilimpa kahawa ya kutafuna, kama desturi yetu kwa mgeni yeyote, nikampikia ndizi zangu. Alikula vizuri. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama hasira zangu zimekwisha, nirudi nyumbani, kwani wifi anachoka.

"Sina hasira, kaka," nikamwambia. "Nina palizi."

Alicheka, na nilifurahi kumsikia akicheka. Tulipatana siku ile. Lakini sikurudi.

Shamba la pamoja halikudumu. Wengine walikuwa wanafika wakati wa kugawana tu, wengine walirudi makwao, na majani yakalimeza. Siku hizi wajukuu wa wifi, waliosoma, hunieleza kwamba ujamaa ulikuwa kosa. Labda. Wao walirithi. Mimi nilisomewa jina langu na mwenyekiti chini ya jua la Kimwani, na hakuna hotuba itakayonifanya nilionee haya jambo hilo.

Wala sijapona tabia yangu. Nina jino linalonisumbua tangu mvua zilizopita, na hospitali haiko mbali. Nimefagia uwanja wote leo, nimepanga kuni, nimesugua masufuria mpaka yamekuwa kama mapya. Najua ninachofanya. Ndizi ziko motoni na hazijaiva, na mjukuu wa wifi, aliyekuja kunipeleka, anasema tungoje kwanza tule. Nimemwambia aziepue tu, tunaondoka sasa hivi.