Mwaga Mkoba

Siku yangu ya kwanza kazini katika zahanati moja ya Mtongwe, Sista Msimamizi hakunionyesha sindano wala vitanda. Alipangusa meza, akaniambia, "Mzee akija, usimuulize tu anakunywa dawa gani. Mwambie alete mkoba, amwage zote hapa." Kazi hiyo tukiiita kumwaga mkoba, na nimeifanya hadi kustaafu.

Mezani palitoka mambo! Vidonge vya presha vya marehemu mume, dawa ya kifua ya mjukuu, na vingine visivyo na jina. Kwetu jirani akiugua unampelekea uji, na kama una vidonge vilivyokufaa, unampelekea navyo. Kuvikataa ni kumvunjia heshima.

Nilipohamishiwa Bofu ndipo nilipoletewa Bi Zena, mwalimu wa chuo aliyesomesha Kurani nusu ya mtaa. Alikuwa akisinzia, akipepesuka, na aya alizohifadhi tangu utotoni zikimponyoka katikati. Binti yake alishaanza kuwatafutia watoto wa chuo mwalimu mwingine. "Ni uzee," aliniambia huku akilia.

Tukamwaga mkoba. Vikatoka vidonge vya usingizi vya aina mbili, na dawa ya mafua ambayo nayo hulevya.

"Shikamoo, Bi Zena. Hivi umepewa na daktari?"

"Marahaba, mwanangu. Nimepawa na majirani. Mtu akikutilia kitu mkononi, wamkataaje?"

"Pokea, ushukuru, kisha uniletee kabla hujameza."

Akacheka. "Hilo naliweza, inshallah."

Daktari wetu alizipunguza kidogo kidogo, maana dawa ya usingizi uliyoizoea ukiikata ghafla inaweza kukudhuru. Majuma yakapita. Asubuhi moja nikasikia sauti kwenye benchi la wagonjwa ikisoma Yasini kwa moyo, bila kukwama. Nilisimama na trei yangu, machozi yakinitoka. Wallahi, mtu alikuwa amerudi, na sisi hatukumwongezea kitu, tulimpunguzia tu. Hadi leo nikikumbuka hustaajabu.

Bi Zena alirudi chuoni kwake. Mimi nimestaafu, magoti yananiuma, na majirani zangu ni wakarimu mno. Juzi Bi Zena alikuja kunijulia hali. Hata kuketi hakuketi. Alipangusa meza yangu kwa upindo wa leso yake, akanikazia macho.

"Haya, mwanangu," akasema. "Mwaga mkoba."