Kwa nini nilikuwa napakia vyombo kabla ya kugombana?

Wakuu, salamu kutoka Eldy, yaani Eldoret. Mimi ni fundi wa mawe. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo maandishi mnivumilie, lakini uwongo hamtapata hapa.

Nimejengea watu miaka mingi na nilikuwa sijawahi maliza nyumba hata moja.

Msingi napiga, ukuta napandisha, tukifika renta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, nagombana na mwenye nyumba. Naenda. Mwingine anamaliza, anasifiwa. Mimi naitwa "yule mkali".

Nililaumu watu, na bado nawalaumu.

Wa kwanza ni Wekesa, mwenzangu wa saiti. Tukikaribia renta lazima alete umbea, nikitoka anabaki na kazi. Wekesa, kama unasoma, ni wewe.

Wa pili ni baba mdogo Barasa, aliyenilea. Kitu chochote nikimaliza, anaita watu wacheke. Nilijenga nyumba ya kuku, akaipiga teke. "Hata kuku ataona haya kulala hapa!"

Sasa sikieni. Mwaka huu nilipata kazi Kapseret kwa Mama Chebet, mjane. Aliniahidi nikimaliza yake, ya kijana wake pia ni yangu. Kwa umri wangu, kazi kama hiyo hairudi mara mbili.

Tukafika renta. Asubuhi Wekesa akaja: "Omwami, mama ametafuta fundi mwingine."

Damu ikapanda. Nikamwendea mama akikamua.

"Mama, unaniletea fundi mwingine?"

"Wa mbao, wa paa. Ama na hiyo utapanda wewe?"

Yeye akaendelea kukamua.

"Na mimi nikuulize, fundi. Gunia lako la vyombo liko kwa geti tangu nilipotoka kuja kukamua. Wekesa alikuwa hajafika. Ulijua aje utakasirika?"

Wakuu, nikageuka nikaliangalia hilo gunia.

Vyombo vyetu hulala kwa stoo ya saiti, na mimi hulala hapo hapo. Ukiona fundi amefunga mwiko na pima maji kwa gunia, huyo anahama. Na mimi nilifunga nikitoka kuamka, hata chai sijakunywa, roho yangu ikiwa safi kabisa!

Nikajiuliza na zile saiti zingine, Moiben, Cheptiret. Kila mahali gunia lilitangulia hasira.

Nikarudi, nikafungua gunia. Wekesa akashangaa, "Kwani huendi?"

"Naenda wapi na renta haijamwagwa?"

Nyumba ikaisha. Mama akaniita kula. Nikafika mlangoni nikaona pazia. Kwa nyumba niliyojenga mimi! Nikasimama hapo nje, nangoja mtu acheke.

"Ingia, fundi. Ama unaogopa itakuangukia?"

Wakacheka wote waliokuwa ndani. Na mimi nikacheka, nikaingia.

Msingi wa kijana wake tumeshachimba. Wekesa simtaki hapo.

Nilichojifunza: umbea ni wa Wekesa, teke ni la Barasa, lakini gunia nilifunga mwenyewe. Sijui bado mkono ulijuaje kabla ya kichwa.

Kuna mwingine hapa mkono wake humtangulia hivyo? Niambieni tu, hata kama itaniuma.