Kompyuta ilipoisoma kadi yangu

Leo kompyuta ya ofisi ilikataa kuona kadi yake ya SIM, na mimi ndiye nimebaki na hofu.

Niliizima, nikaiwasha. Nikatoa kadi, nikaifuta kwa shati, nikairudisha.
Hakuna kitu.

Shefu, mkubwa wetu wa kazi, akaja kusimama nyuma yangu.
"Ripoti inaenda leo, mutoto. Tia kadi yako, tuone kama shida ni mashine ao ni kadi."

Nikatoa ile ya simu yangu, nikaibana kwa kipande cha karatasi ili isicheze.
Kompyuta ikaisoma. Ripoti ikaanza kwenda, polepole, mnajua mtandao wetu.

"Masomo yote yale, kumbe dawa ni karatasi," Shefu akasema. Tukacheka wote.

Kisha nikarudisha kadi kwenye simu, na meseji za simu nilizokosa zikaingia.
Mama alikuwa amenitafuta kutoka kijijini kwetu Kibumba, ambako vita viko karibu, kwa simu ya jirani.

Mama hubipa mara moja tu, halafu anangoja nimpigie.
Leo alijaribu tena na tena.

Sasa napiga mimi, na simu ya jirani imezimwa.

Kama uko upande wa Kibumba na umesikia chochote, hata kibaya, niandikie hapa.
Kadi iko kwenye simu. Siitoi tena.