Mkono Unaotetemeka na Tepe Zinazoning'inia

Asubuhi hii Bi Kibano ameinama mezani maabara. Amevaa gwanda jeupe kuanzia utosini hadi miguuni, na macho yake hayabanduki kwenye bakuli la asidi. Ndani yake kimezama kipande cha silikoni, kidogo kuliko ukucha.

Juu ya kipande hicho zimechongwa tepe nyembamba ajabu. Pasua unywele mara mia na bado hujazifikia. Kila utepe umetobolewa matundu kwa mstari, na katikati ya matundu hayo mwanga wa leza hunaswa, ukakosa pa kutokea. Mwanga huo huusukuma utepe, utepe ukacheza. Utepe ukicheza, mwanga nao hubadilika, na hapo watafiti wa maabara hii hupima mitikisiko isiyohisiwa na mkono wala sikio.

Ila utepe uliolala hauchezi. Kazi ya mama huyu ni kuondoa tabaka la chini kwa asidi mpaka tepe zining'inie, zimeshikwa ncha mbili tu kama kamba za kuanikia nguo. Kisha hukihamishia kipande kwenye maji, halafu spiriti, halafu mashine ya kukaushia. Kikikauka njiani, maji huzivuta tepe chini zikaganda moja kwa moja.

"Ni kama kumbeba mtoto aliyelala," anasema. "Ukimwamsha, imekula kwako."

Kwa miaka kumi na tisa alivibeba vipande hivi kwa kibano, ndiyo asili ya jina lake. Mwaka huu mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwezi uliopita kipande kiliinama, maji yakamwagika, na tepe zote zikaganda. Ilikuwa kazi ya miezi kadhaa ya mtafiti kijana anayempenda kama binti yake.

"Mwanangu, usiilaumu mashine. Ni mimi," alimwambia.

"Mama, mbona hata mimi nimeshaharibu vingi?"

"Wewe uliharibu ukijifunza. Mimi naharibu nikijua."

Mkuu wa maabara, kwa upole, alimpa nafasi moja zaidi. Ikishindikana, atahamia stoo.

"Stoo nikaongee na nani? Na makopo?" anauliza, na kicheko chake hakifiki mbali.

Nyumbani, mumewe, fundi saa, alishajua bila kuambiwa. "Alianza kunimiminia chai nusu kikombe," anasimulia. "Nikadhani ameingiwa na ubahili. Kumbe anaogopa kumwaga."

Alimsihi aende hospitali. Mkewe akagoma. Akiambiwa ni ugonjwa, alisema, kesho yake ataingiaje kazini?

Fundi saa hakubishana. Aliomba kipande cha plastiki nyeupe isiyoliwa na asidi, akavaa lenzi yake jichoni, akachonga kikapu kidogo chenye kingo ndefu na mpini. Kikiinuliwa, hubaki na asidi au maji ndani.

"Nimeshindwa kuutuliza mkono wake," anasema. "Basi nikaona mzigo usafiri ukiogelea."

Leo ndiyo siku ya kukijaribu. Bi Kibano anakiinua kikapu kutoka kwenye asidi. Mkono unatetemeka, kila mtu anauona, na asidi inatikisika ndani ya kingo bila kumwagika. Anakisuuza kwa maji, anakisuuza tena. Anakitia kwenye spiriti. Mlango wa mashine ya kukaushia unafungwa, naye anakaa kitini kwa mara ya kwanza leo.

Baadaye kipande kinawekwa chini ya leza. Kwenye skrini mstari umelala, umelala, halafu unainuka kuwa kilele chembamba.

"Unacheza! Mama, unacheza!"

"Na nyingine?"

Mtafiti anapima mmoja baada ya mwingine. "Zote, isipokuwa huu wa mwisho."

"Huo ni mvivu wa kuzaliwa," anasema Bi Kibano, machozi yakimlenga.

Mkuu wa maabara anakohoa kidogo. "Stoo tutatafuta mtu mwingine."

Akivua glavu, Bi Kibano anasema Alhamisi atakwenda hospitali. Mumewe atafunga duka amsindikize.

"Nilikuwa naliogopa jibu lao kwa sababu ya kazi," anasema, akiutazama mkono wake bila kuuficha. "Sasa nataka kulisikia kwa sababu yangu mwenyewe."